Namba Tatu na Nusu Hatua

Hampden, Glasgow, usiku wa tarehe 18 Novemba 2025. Scotland wako mbele kwa bao moja, lile la tiktaka ya Scott McTominay la dakika ya 3. Kipindi cha pili kimeanza, na Gustav Isaksen, winga wa Denmark, anapenya upande wa Andy Robertson, nahodha na beki wa kushoto wa Scotland. Nahodha anatia mguu. Mpira umeshapita. Isaksen yuko chini.

VAR (marudio ya video), penalti, Rasmus Højlund, 1–1. Na sare ilikuwa inawatosha Denmark.

Yaliyofuata mnayajua, hata kama huku kwetu ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Scotland walishinda 4–2 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Kila mtu anazungumzia tiktaka ile, au shuti la Kenny McLean la kutoka katikati ya uwanja. Mimi wiki zote hizi ninarudiwa na ule mguu wa Robertson. Ulichelewa nusu hatua tu.

Nusu hatua hiyo nilishaiona mahali.

Faulu iliyoshangiliwa

Anfield, tarehe 14 Januari 2018. Manchester City hawajafungwa hata mechi moja ya ligi msimu ule. Liverpool wako mbele, na beki wao wa kushoto, aliyenunuliwa kwa pauni milioni 8 kutoka timu iliyoshuka daraja, anaamua kumfukuza kila mwenye mpira. Kyle Walker, kisha John Stones, kisha kipa Ederson, kisha Nicolás Otamendi. Ametoka kwenye eneo lake la kazi mpaka karibu na lango la wapinzani, mbio moja isiyokatika.

Mwisho wa mbio zile ilikuwa faulu. Alimfikia Otamendi kwa kuchelewa, akamgonga.

Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Mechi iliisha 4–3, na kuanzia siku ile Robertson akawa wao. Kipande hicho cha video bado kinazunguka mpaka leo, kila mara na maneno yaleyale: kujituma, moyo, mapafu mawili ya ziada.

Sikatai moyo. Ninachosema ni kwamba moyo ndicho kitu rahisi zaidi kukiona pale, na ndiyo maana tunakiona peke yake.

Tazama njia aliyopita. Anayefukuza mpira kwa mstari ulionyooka anawasaidia wapinzani: mpira unarudi kule ulikotoka na mbio zako zimekuwa za bure. Ukimfuata beki wa kati aliyepokea pasi kutoka kwa beki wa kulia, unapinda kidogo, unakuja ukiwa umemweka yule wa kulia nyuma ya mgongo wako. Kivuli chako kinamziba. Mwenye mpira amebaki na upande mmoja tu wa kucheza, na upande huo umeuchagua wewe. Ukifanya hivyo mara tatu mfululizo unakuwa unawaswaga kama ng'ombe.

Kisha zinakuja mita mbili au tatu za mwisho, na hapo ndipo mabeki wengi wanapoharibu.

Ukifika kwa kasi yako yote, mguso mmoja mdogo unakuacha. Ukifunga breki mapema, mwenye mpira anapata muda wa kuinua kichwa. Inatakiwa hatua zifupishwe, kiuno kishuke, mguu mmoja utangulie mwingine ili uweze kugeuka upande wowote, na umbali uwe kama mkono mmoja na kidogo. Kutoka pale unamwonyesha chaki. Mstari wa pembeni ni beki asiyechoka.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kupeleka mguu badala ya kupeleka mwili. Mguu unanyooka, mwili umebaki nyuma, mizani imepotea. Ukikosa mpira utagonga mtu.

Ndicho alichofanya kwa Otamendi, na kwa Isaksen.

Kosa ni lilelile; kilichobadilika ni mahali. Ndani ya nusu ya City, faulu ile haikuwagharimu chochote: Liverpool walipata muda wa kujipanga. Kwenye kumi na nane (eneo la penalti) yako mwenyewe, bei yake ni penalti.

Nani aliweka dhamana

Kuna jambo jingine ambalo kipande kile hakionyeshi, nalo ni uwazi aliouacha nyuma.

Virgil van Dijk alikuwa ameshanunuliwa, lakini siku ile hakucheza. Katikati walikuwa Dejan Lovren na Joël Matip. Namba tatu, yaani beki wa kushoto, anapopanda namna ile, beki wa kati wa kushoto lazima asogee kuelekea pembeni, mwenzake afuate, na namba mbili, beki wa kulia, aingie ndani. Kiungo mmoja, kwa Liverpool ile mara nyingi Georginio Wijnaldum, anateremka kushoto kuziba. Wanne wanasogea kwa sababu mmoja amekimbia. Mmoja wao akilala, lile linaloitwa kujituma linageuka kuwa bao la kufungwa.

Mbio za namba tatu ni mkopo. Kuna mtu mwingine anayeweka dhamana.

Hadithi ya simu za tiketi

Hii nitaipitia haraka, maana hakuna shabiki wa Liverpool asiyeijua. Celtic walimwacha Robertson akiwa kijana kwa sababu ya umbo dogo. Akaenda Queen's Park, klabu ya ridhaa iliyokuwa na makao yake Hampden hapohapo, na ambayo wakati ule haikumlipa mchezaji mshahara. Mchana akipokea simu za wanunuzi wa tiketi uwanjani, jioni akifanya mazoezi. Agosti 2012, akiwa na miaka 18, aliandika Twitter kwamba maisha ya umri ule bila hela ni takataka, na kwamba anatafuta kazi.

Inapendeza kusimulia, na inasimuliwa mno. Ninachokitilia shaka ni namna inavyofanywa kuwa maelezo ya kila kitu, kana kwamba umaskini wa pesa ya mfukoni unaweza kumfundisha mtu kupiga krosi. Vijana wangapi walioachwa na Celtic wamepokea simu na hawakurudi tena?

Kinachonivutia mimi ni kipimo kilichomwondoa. Beki mdogo hawezi kushinda kwa kusukumana. Anabaki na njia mbili: kufika mapema, au kusimama mahali sahihi. Sioni ajabu kwamba mchezaji huyu amejenga kazi yake yote juu ya kufika mapema. Na sioni ajabu kwamba siku asipofika mapema hana kitu kingine mkononi ila ule mguu.

Mabao 80

Dundee United walimchukua 2013. Msimu mmoja ulitosha: tuzo ya mchezaji kijana bora wa Scotland, fainali ya kombe waliyofungwa na St Johnstone, na mechi ya kwanza ya timu ya taifa Machi 2014 dhidi ya Poland. Kiangazi hicho Hull City wakalipa chini kidogo ya pauni milioni 3.

Watu wanairuka Hull. Mimi naona ndiko alikosomea.

Miaka mitatu: kushuka 2015, kupanda 2016, kushuka tena 2017. Msimu wa mwisho, ule wa jezi zenye SportPesa kifuani ambazo Wakenya watazikumbuka, Hull waliruhusu mabao 80 katika mechi 38 za ligi. Kwenye timu ya namna hiyo namba tatu anashinda ametazama lango lake. Winga anakuja akiwa na mpira, beki wake wa kulia anapita nje kwa kasi, na msaidizi wako yuko mita 20 mbele akihema. Ni wawili dhidi ya mmoja, dakika 90.

Hapo huwezi kutia mguu ovyo. Unajifunza kuchelewesha: unarudi nyuma taratibu, kati ya wote wawili, macho kwenye mpira na si kwenye miguu ya winga, ukimlazimisha mwenye mpira aamue yeye. Kila sekunde unayopata ni mwenzako mmoja zaidi aliyerudi. Unaruhusu krosi ya mbali ili usiruhusu pasi ya ndani.

Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati ule, alinunua mtu aliyekuwa amekwishafanya mazoezi haya kwa maumivu.

Benchi

Kisha hakucheza.

Alianza dhidi ya Crystal Palace tarehe 19 Agosti 2017, akafanya vizuri, halafu Alberto Moreno akaishika namba. Septemba, Oktoba, Novemba, Robertson aliingia mara chache mno. Mlango ulifunguka tarehe 6 Desemba, Moreno alipoumia kifundo cha mguu kwenye mechi ya Spartak Moscow iliyoisha 7–0.

Ndiyo, bahati. Lakini zingatia tofauti ya kazi. Hull ilimtaka arudi nyuma na kuchelewesha. Liverpool ilimtaka apande, apore mpira palepale ulipopotea, na asimame mita 20 au 30 mbele ya alipozoea. Mwili uliofundishwa kurudi haugeuki kwa wiki mbili. Ukimwingiza mtu kama huyo mapema, nusu ya akili yake inakimbia mbele na nusu inarudi, na pengo linabaki katikati.

Wiki tano baada ya kuumia kwa Moreno ndipo yakaja yale ya Otamendi. Moreno hakuipata tena namba yake.

Krosi

Msimu wa 2018/19 Robertson alitoa pasi 11 za mabao kwenye ligi. Trent Alexander-Arnold, upande wa pili, alitoa 12. Msimu uliofuata, wa ubingwa, mmoja 12, mwingine 13. Mabeki wa pembeni wawili ndio waliokuwa viungo wachezeshaji wa timu ile, na viungo halisi walikaa nyuma yao kulinda uwazi.

Walifananishwa sana, ilhali ufundi wao haufanani. Alexander-Arnold anapiga akiwa amesimama, mpira umetulia, mguu una nafasi. Robertson anapiga akikimbia.

Kupiga krosi ukiwa kwenye kasi ni kazi ngumu, na ugumu wake uko kwenye mguu usiopiga. Kwa mtu wa kushoto, mguu wa kulia unatua pembeni ya mpira. Ukitua nyuma mno, mwili unalala na mpira unapaa juu ya vichwa vya wote. Ukitua mbele mno, mpira unakunasa chini ya miguu. Ukishatua sawa, kiuno ndicho kinachogeuka kuelekea lango, huku miguu ikiwa bado inaelekea kibendera cha kona. Mpira unakatwa kwa upande wa ndani wa mguu, chini, bila mguso wa ziada wa kuuandaa. Mguso huo mmoja ndio unaompa beki nafasi ya kuziba.

Na macho? Yanatangulia. Anayeinua kichwa baada ya kupokea mpira ameshachelewa; atapiga kwa beki wa kwanza. Inabidi upige picha ya boksi kabla pasi haijakufikia, kisha uamini picha hiyo.

Mpira wake anaoupenda ni ule wa chini, kwenye uchochoro kati ya kipa na mabeki. Kipa hajui atoke au abaki. Mabeki wanakimbia wakitazama lango lao wenyewe, wakigusa wanaweza kujifunga. Bao la kwanza la Liverpool msimu wa 2018/19, dhidi ya West Ham tarehe 12 Agosti, lilikuwa hivyo: Naby Keïta akampa, yeye akaipitisha, Mohamed Salah akamalizia. Kwa Salah lilionekana bao la bure.

Ila krosi ninayoirudia mara nyingi ni ya 10 Novemba 2019, City wakiwa tena Anfield. Alexander-Arnold anautuma mpira kutoka kulia mpaka kushoto kwa mguu wake wa kushoto, upana wote wa uwanja. Mabeki wa City wanaanza kuhama. Robertson anaupiga kabla hawajamaliza kuhama, kuelekea nguzo ya mbali, na Salah anapiga kichwa. Dakika ya 13, 2–0. Namba mbili kwa namba tatu, namba tatu kwa bao. Katika goli lile hakuna aliyepigwa chenga.

Mpira wa kurusha

Hili ni dogo, lakini silipiti. Mwaka 2018 Liverpool walimwajiri Thomas Grønnemark, Mdenmark anayefundisha kurusha tu. Watu walicheka. Msimu uliotangulia Liverpool walikuwa wa 18 katika Ligi Kuu ya England kwa kubaki na mpira baada ya kurusha wakiwa kwenye presha, asilimia 45.4. Msimu wa kwanza naye wakawa wa kwanza, asilimia 68.4.

Mrusho wa Robertson ulikuwa mita 19. Ulifika 27. Mita hizo nane hazikuwa za kurushia kwenye boksi. Mrushaji wa mita 27 anawalazimisha wapinzani walinde eneo kubwa zaidi, na aliye karibu anabaki peke yake.

Wawili kwa namba moja

Scotland, nchi iliyohangaika miaka mingi kupata beki wa pembeni wa maana, ikapata wawili kwa wakati mmoja, na wote wa kushoto: Robertson na Kieran Tierney.

Kwa muda mrefu niliona ni mzaha. Kocha Steve Clarke aliutatua kwa mabeki watatu: Tierney akawa wa kushoto kati ya watatu, Robertson mbele yake. Uzuri wa mpango ule ni kwamba Tierney mwenyewe ni namba tatu. Robertson akivuta winga ndani, Tierney anapita nje na kupiga krosi. Robertson akipanda, Tierney anajua kukaba pembeni kwa sababu ndiyo kazi yake ya asili. Mkopo ulikuwa na mdhamini anayeelewa biashara.

Kwenye Euro, tarehe 14 Juni 2021, Tierney alikuwa na jeraha na hakucheza dhidi ya Czech: 0–2. Siku nne baadaye alirudi, Wembley, 0–0 na England. Mechi mbili hazitoshi kuwa ushahidi, najua. Lakini tazama wastani wa mahali Robertson alipokuwa akiupokea mpira Tierney anapokuwa nyuma yake, na utaona mtu asiyegeuza shingo.

Katika mechi za kufuzu za 2025 Clarke alikuwa akichezesha mabeki wanne. Usiku wa Denmark Tierney alianzia benchi. Nyuma ya Robertson hakukuwa na namba tatu mwingine.

Dakika ya 17

Desemba 14, 2024, Anfield, Fulham. Dakika ya 17 tu, Robertson anapoteza mpira ulioonekana wake, Harry Wilson anaelekea langoni, mguu unatoka. Kadi nyekundu. Liverpool walipata 2–2 wakiwa kumi. Aliyesawazisha dakika ya 86 alikuwa Diogo Jota.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Bega lililotoka Sevilla, Oktoba 2023, akiichezea Scotland dhidi ya Hispania, likamweka nje mpaka Januari. Misimu saba ya kupanda na kushuka upande uleule. Msimu wa 2024/25 Liverpool walichukua ubingwa naye akiwa namba tatu wa kwanza, lakini kiangazi cha 2025 wakamleta Milos Kerkez kutoka Bournemouth, na Robertson akarudi benchi alikoanzia.

Beki wa kati akizeeka anarudi hatua tano nyuma na kusoma mchezo. Kwa namba tatu ni vigumu zaidi, kwa sababu akirudi hatua tano mbele yake panabaki shimo, na winga wake anabaki peke yake. Nilijiuliza kama ndiyo sababu hakurudi. Labda anajua kwamba Robertson anayesubiri si yule timu inayemhitaji, na kwa hiyo anaendelea kuanzia palepale alipoanzia akiwa na miaka 24, na deni linalipwa kwenye mita mbili za mwisho.

Au labda ni silika tu, na mimi ninamtungia hesabu.

 Baada ya mechi ya Denmark alizungumza juu ya Jota, aliyefariki Julai 2025, na jinsi walivyokuwa wakiongea kuhusu Kombe la Dunia, maana wote wawili waliikosa Qatar: mmoja kwa jeraha, mwingine kwa kufungwa na Ukraine.

Bao la tatu la usiku ule, dakika ya 93, lilipigwa kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya kumi na nane. Mpigaji alikuwa Tierney, akitokea benchi.

Tarehe 19 Juni

Kundi la Scotland kwenye Kombe la Dunia 2026 lina Brazil, Morocco na Haiti; tarehe 19 Juni ni ya Morocco. Brazil na Morocco ndio haohao waliokutana nao 1998, na Morocco waliwafunga 3–0 mjini Saint-Étienne.

Safari hii Morocco wana Achraf Hakimi upande wa kulia, ambaye naye ni beki anayeishi kwa kufika mapema. Robertson akipanda, Hakimi ana mita 40 za uwazi. Asipopanda, Hakimi anapanda yeye. Clarke anaweza kurudi kwenye mabeki watatu na kumrudisha Tierney nyuma ya nahodha wake, au kumpa winga wa kushoto kazi ya kumfuata Hakimi mpaka mwisho, au kumwomba Robertson aanzie mita tano nyuma na akubali kuishi bila krosi.

Ningekuwa mimi, Tierney angeanza.